Barua ya wazi kwa Benki Kuu, TCRA na wakuu wa benki kuhusu simu zinazokataliwa

Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na kwenu wakuu wa benki na kampuni za simu mnaotunza fedha zetu.

Waheshimiwa, shikamooni.

Naandika kutoka Moshi, ninapofanya kazi ya ufundi simu. Sitazunguka. Naomba mbadilishe namna aplikesheni zenu zinavyoamua simu ipi iingie na ipi izuiwe. Kwa sasa zinamkataa mtu ambaye mfumo wa simu yake umesasishwa mwezi huu, na zinampokea bila swali mwenye simu ambayo haijapata sasisho la usalama kwa miaka mitano au sita. Hiyo ni hatari kwa fedha za watu, na dawa yake ipo.

Mteja anafungua aplikesheni ya benki. Inazunguka kidogo, inaandika kwamba kifaa chake hakikidhi vigezo vya usalama, kisha inajifunga. Basi. Hakuna sababu wala maelekezo. Akipiga huduma kwa wateja anaambiwa aende tawini. Tawini anaambiwa simu ina matatizo, atafute fundi. Ndivyo anavyofika mezani kwangu, na mara nyingi anafika akiwa na wasiwasi kwamba ameibiwa.

Nyuma ya ujumbe ule kuna huduma ya Google iitwayo Play Integrity, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, SafetyNet. Aplikesheni inaiuliza Google: simu hii naiamini? Google inajibu kwa ngazi tatu, ya msingi, ya kifaa, na ya juu. Benki nyingi zinasoma ngazi ya kifaa tu. Ikikosekana, mlango unafungwa. Maana yake uamuzi wa kama Mtanzania aone salio lake au asilione unategemea kama simu yake imethibitishwa na kampuni ya Marekani, na kama mfumo uliomo ni uleule uliowekwa kiwandani.

Kinachoangusha simu kwenye kipimo hiki mara nyingi ni butiloda, ile programu ndogo inayoamka kwanza unapobonyeza kitufe cha kuwasha. Ikiwa imefungwa, inakagua saini ya mfumo kabla ya kuuruhusu kuwaka. Android hata imeipa hali hiyo rangi. Kijani ni mfumo wa kiwandani na butiloda imefungwa. Njano ni butiloda imefungwa lakini mfumo umesainiwa kwa ufunguo mwingine ambao mwenye simu ameukubali. Chungwa ni butiloda iko wazi, na nyekundu ni mfumo ulioharibika. Naomba muikumbuke ile njano, nitairudia.

Sasa, nani ana simu za namna hii? Najua picha mliyonayo: kijana mmoja mtundu, kofia kichwani, anavunja mifumo usiku. Njooni Moshi muone.

Alikuja mwongoza watalii aliyekuwa ameshuka Kilimanjaro, na simu nzuri, kioo kisafi, betri inakaa siku mbili. Aliinunua dukani hapahapa mjini kama simu mpya. Nilipoizima na kuiwasha, kikatokea kikufuli kilicho wazi juu ya kioo, sekunde chache tu, kisha kikapotea. Ndani, karibu kila kitu kilikuwa Kiingereza, ila ukishuka kwenye mipangilio ya betri unakuta mistari miwili ya herufi za Kichina. Nikajua. Simu ile ilitengenezwa kwa soko la China, ambako simu huuzwa bila huduma za Google. Mtu fulani kati ya kiwanda na duka la Moshi alifungua butiloda, akaflashi, yaani akapakia upya, mfumo wa kimataifa, akaifunga kwenye boksi kwa nailoni mpya. Mwenye simu hakuruti chochote, yaani hakujipa mamlaka ya juu kabisa ndani ya mfumo. Hajui hata butiloda ni nini, na hana sababu ya kujua.

Alikuwa anataka kuwagawia wapishi na wagumu wake, wale wabeba mizigo, sehemu yao ya bahshishi, iliyoingia kwenye akaunti yake. Mwaka 2022 shirika la simu la taifa, TTCL, lilifikisha intaneti ya kasi hadi kambi ya Horombo mlimani, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na sote tulijivunia. Lakini mtandao ufike kileleni au usifike, aplikesheni yake ilikuwa imemfungia mlango. Akaniuliza, "Fundi, sasa hela yangu ninaitoaje?" Nikamwambia ajaribu menyu. Akabonyeza nyota na namba na reli, akaingiza namba ya siri ya tarakimu nne, na fedha zikatoka. Simu ileile, laini ileile, akaunti ileile, dakika tatu baada ya benki kumwambia kifaa chake si salama.

Waheshimiwa, hapo ndipo hoja yangu ilipo. Menyu ya USSD, ile ya kubonyeza nyota na reli, haiulizi simu yako ni ya aina gani. Inakubali kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe, inakubali kitochi kilichofungwa kwa raba, inakubali simu ya kioo yenye virusi. Mmeikubali hatari hiyo kwa miaka mingi, tangu M-Pesa ilipoingia nchini 2008, na mmefanya vizuri, kwa sababu bila menyu ile mama wa Kiboriloni asingepokea ada kutoka kwa mwanawe aliyeko Dar. Mmeidhibiti hatari kwa viwango vya miamala, kwa namba ya siri, kwa kufuatilia mienendo isiyo ya kawaida. Kwa nini busara hiyohiyo isitumike kwenye aplikesheni?

Kundi la pili ni wenye simu za zamani zenye nguvu. Chukueni Galaxy S9. Ilitoka 2018, na mfumo wa mwisho iliopewa rasmi ni Android 10. Kamera yake bado inashinda simu nyingi mpya za bei nafuu, na kumbukumbu inatosha. Mwenye nayo ana njia mbili: abaki na mfumo wa kiwandani wenye matundu ambayo hakuna atakayeyaziba tena, au aweke mfumo huria unaotunzwa na watu wa kujitolea, kama LineageOS, mradi ulioanza mwishoni mwa 2016, unaotoa masasisho kwa simu ambazo kampuni zake zimezitupa. Akichagua njia ya kwanza, aplikesheni ya benki inampokea. Akichagua ya pili, inamfukuza. Na kwa simu za Samsung hakuna kurudi nyuma: ukiweka mfumo usio wao, kuna fyuzi ndani ya chipu inaungua, alama ya Knox, mfumo wao wa usalama, inabadilika, na baadhi ya huduma zao zinazimika moja kwa moja hata ukirudisha mfumo wa kiwandani.

Wapo pia wanaoruti kwa makusudi. Wengi ninaowajua ni wanafunzi wa vyuo na vijana wanaojifunza kuandika programu. Wengine wanataka tu kuondoa aplikesheni zilizokuja na simu ambazo hazifutiki, zinazokula bando usiku. Simu ni yao, wamelipia. Sioni dhambi hapo.

Sitaki kuficha upande wa pili. Simu iliyorutiwa na mtu asiyejua anachofanya, kisha akaipa kila programu ruhusa ya juu, ni hatari kweli. Programu mbaya ikipata mamlaka hayo inaweza kusoma hifadhi ya ndani ya aplikesheni nyingine, inaweza kunasa unachoandika. Benki ina haki ya kujilinda, na mimi ni mteja wa benki, nataka ilinde. Ninachosema ni kwamba kipimo mnachotumia hakilengi hatari hiyo. Kinauliza simu ilizaliwa wapi, hakiulizi ina afya gani leo.

Halafu angalieni kile ambacho katazo hili linazaa, maana hiki ndicho kinachoninyima usingizi kuliko vyote.

Mtu aliyefukuzwa na benki yake hakai kimya. Anatafuta njia ya kuificha simu yake. Mwaka 2016 mwandishi wa programu aitwaye John Wu alitoa Magisk, chombo kinachoruti simu bila kugusa sehemu kuu ya mfumo, na kwa muda mrefu kilikuwa na kipengele cha kuficha ruti mbele ya aplikesheni zinazokagua. Mwaka 2021 Wu aliajiriwa na Google, na toleo la 24 la mwaka 2022 likaja bila kipengele hicho. Wengine wakaichukua kazi. Zikaja moduli, yaani programu za nyongeza za Magisk, zinazoifanya simu ijitambulishe kama simu nyingine iliyothibitishwa. Google ikigundua utambulisho huo inaufungia, wenye moduli wanatafuta mwingine, na mteja anarudi kwangu: "Fundi, imegoma tena." Desemba 2024 Google ikatangaza kwamba kwa Android 13 na kuendelea majibu yatategemea ushahidi kutoka kwenye chipu yenyewe, na Mei 2025 ikaanza kutekeleza. Mchezo ukahamia kwenye funguo zilizovuja, yaani funguo za siri za uthibitisho zilizochomolewa kutoka kwenye simu halisi za watengenezaji, zinazosambazwa na hata kuuzwa mitandaoni.

Fikirini maana yake kwa mteja wenu. Ili aone salio lake, anapakua moduli iliyoandikwa na mtu asiyemjua, anaipa mamlaka ya juu kabisa ya simu, anaiwekea ufunguo wa wizi, kisha anafungua aplikesheni ya benki pembeni yake. Kabla ya hapo huenda simu yake haikuwa na ruti kabisa, ilikuwa tu na mfumo uliobadilishwa. Sasa ina ruti, ina moduli ya mtu asiyejulikana, na mbele ya seva zenu inaonekana safi. Mmemsukuma mtu mkweli awe mwongo, na mmepoteza taarifa ambayo ingewasaidia kumlinda. Ukimfukuza kuku usimkimbize kwenye shamba la jirani.

Na gharama haiishii kwake. Kwa mfumo wa zamani wa funguo hizo, mwongozo wa Android ulitaka ufunguo mmoja ugawanywe kwa simu nyingi za aina moja, angalau 100,000, ili mtu mmojammoja asifuatiliwe. Ufunguo ukivuja na kufutwa, mwenye simu halali iliyobeba ufunguo huohuo naye yumo hatarini kukataliwa.

Wateja wananiomba niwawekee moduli hizo kila wiki. Siwawekei funguo zilizovuja. Nawaeleza, wengine wanaelewa, wengine wanakwenda kwa fundi mwingine. Sitawalaumu. Mtu akikosa njia ya kuifikia hela yake atafanya chochote.

Wakati huohuo, wizi ninaousikia kila siku kutoka kwa wateja wangu hauna uhusiano wowote na ruti. Ni meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Ni sauti ya upole inayojifanya huduma kwa wateja na kuomba namba ya siri. TCRA mnalijua hili vizuri, ndiyo maana mmetupa namba 15040 ya kupeleka meseji za matapeli. Meseji hizo zinaingia kwenye simu yenye mfumo wa kiwandani sawasawa na kwenye nyingine yoyote.

Tufanye nini basi? Naanza na ninyi wenye benki na kampuni za simu.

Simu nyingi zilizotoka na Android 8 na kuendelea zina sehemu salama ndani ya chipu inayoweza kutoa cheti. Cheti hicho aplikesheni yenu inaweza kukiomba moja kwa moja, bila kupitia Play Integrity. Kinasema mambo ambayo benki inapaswa kuyajua: butiloda imefungwa au iko wazi, rangi ya uthibitisho ni ipi, mfumo umesainiwa kwa ufunguo gani, na sasisho la mwisho la usalama ni la mwezi gani wa mwaka gani. Hapo ndipo inaporudi ile njano. Mfumo kama GrapheneOS, unaowekwa kwenye simu za Pixel za Google, unafunga butiloda upya kwa ufunguo wake, na watunzaji wake wametangaza funguo hizo hadharani pamoja na mwongozo kwa waandishi wa aplikesheni za benki. Kuukubali ni kazi ya kuongeza funguo kwenye orodha. Simu ya namna hiyo ina ulinzi kuliko nyingi mnazozipokea leo, na bado mnaifukuza.

Simu zenye rangi ya chungwa ni suala gumu zaidi, nakiri. Nyingi zenye LineageOS zinabaki na butiloda wazi. Hizi nawaomba msizifukuze, zipeni ngazi yake. Ziruhusuni kuona salio na taarifa ya akaunti. Wekeni kikomo cha muamala kwa siku, kama mnavyofanya kwenye menyu. Muamala mkubwa au wa mpokeaji mpya uthibitishwe kwa njia ya pili. Google wenyewe, kwenye maelekezo ya Play Integrity, wanashauri waandishi wa aplikesheni wasitegemee jibu moja tu, waweke hatua za ngazi kwa ngazi. Mnatumia chombo chao kwa ukali kuliko wanavyoshauri wao.

Na ile tarehe ya sasisho isomeni pia kwa simu za kijani. Mtu mwenye mfumo wa kiwandani wa 2019 aonywe kwa lugha ya upole kwamba simu yake imezeeka kiusalama, na kwamba kiwango chake cha muamala kimepunguzwa kwa sababu hiyo. Hapo nitaamini kwamba kweli tunazungumzia usalama.

Kwa Benki Kuu: ninyi ndio wenye sauti juu ya mifumo ya malipo chini ya sheria ya 2015, na ninyi ndio mmejenga TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo, ili fedha ziende kutoka benki hadi mtandao wa simu bila kikwazo. Naomba mtoe mwongozo mmoja kwa wote, unaosema kwamba mteja asizuiwe kabisa kuifikia akaunti yake kwa sababu ya jibu la mashine ya kampuni ya nje, na kwamba akizuiwa sehemu, aambiwe sababu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inampa mwananchi haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine pekee. Hili ni mojawapo.

Kwa TCRA: mlishawahi kutuonyesha mfano mzuri. Juni 2016, kabla ya kuzima simu bandia, mlitufundisha kubonyeza nyota reli 06 reli, kuchukua ile namba ya utambulisho na kuituma 15090, ili mtu ajue kabla hajalipa. Hata bibi wa Uru alijua kufanya hivyo. Fanyeni vivyo hivyo sasa. Muuzaji alazimike kumwambia mnunuzi, na kuandika kwenye risiti, kama simu imethibitishwa na Google au la, na kama mfumo wake umebadilishwa. Na wafundisheni watu kuangalia wenyewe dukani: fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia kwenye mipangilio, shuka kwenye maelezo kuhusu aplikesheni, utaona kama kifaa kimethibitishwa. Kisha zima simu na uiwashe mbele ya muuzaji, uone kama kuna kikufuli wazi au onyo lolote kabla mfumo haujawaka.

Ila naomba jambo moja msilifanye. Msije mkasoma barua hii mkatoa tangazo la kuwakataza mafundi kufungua butiloda. Kazi hiyo ndiyo inayoifanya simu ya 2018 iendelee kumsaidia mwanafunzi wa Pasua hadi leo badala ya kuishia jalalani.

Mengine yatahitaji muda, vikao na wataalamu wenu. Mafundi wa Moshi na Arusha tukiitwa tutakuja, tena na simu zenyewe, za kijani, za njano na za chungwa, muzipime mbele yetu. Lakini ule ujumbe wa kosa hauhitaji kikao. Unaweza kubadilishwa kwenye toleo lijalo la aplikesheni. Mwandikieni mteja kwamba mfumo wa simu yake umebadilishwa kutoka ule wa kiwandani, kwamba fedha zake ziko salama, na kwamba kwa sasa anaweza kutumia menyu, wakala au tawi. Wekeni na namba ya menyu hapohapo.

Wenu katika kazi,

Fundi simu, Moshi